Kipimo nimekificha kwenye boksi la spana, nashindwa kujipima

Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako niko Mbeya huku Uyole, nina miaka 32, kazi yangu fundi wa magari makubwa. Nina mke na mtoto mmoja wa kike wa miaka minne, na sasa hivi mke wangu ana mimba ya miezi mitano. Jina langu naomba ulihifadhi.

Mwezi wa sita mwaka huu niliitwa Tunduma, kuna lori lilikufa geaboksi kwenye foleni ya kuvuka kwenda Zambia, nikakaa siku tatu maana spea ilikuwa inasubiriwa kutoka Dar. Usiku wa pili baridi kali tukawa tunakunywa mimi na dereva na utingo wake. Sitajitetea mama. Kulikuwa na dada mmoja pale tukazoeana nikaishia naye gesti. Kondomu nilivaa kabisa lakini tulipomaliza nikakuta imepasuka, imebaki pete tu huku juu. Yule dada wala hakushtuka, akanawa akaniambia mi mzima we usiogope. Na kweli kwa kumwangalia ni mtu mwenye afya, mnene, ngozi inang'aa.

Nikarudi nyumbani nikakaa kimya. Wiki ya pili nikaanza homa, koo linauma, usiku jasho shuka linalowa. Nikaenda duka la dawa nikapewa dozi, ikaisha. Hapo ndo nikaanza kugugo. Nikasoma kumbe kuna dawa za PEP, za kuzuia VVU visikushike, ukipata ajali kama ile unatakiwa uzianze ndani ya masaa 72, na mimi nasoma hiyo habari ni wiki ya tatu. Nililia mama, nililia chini ya gari watu wakajua naziba oili.

Mwanzoni mwa mwezi wa tisa mke wangu akaanza kliniki, akapimwa VVU akakutwa hana. Aliponiambia nilifurahi sana, nikasema basi na mimi niko salama maana tangu Tunduma nimelala naye kama mara nne au tano bila kinga, ningekuwa nao si ningekuwa nimeshampa? Lakini jamaa mmoja gereji katika stori zake akasema hiyo haihusiani, basi usingizi ukakata tena. Sasa hivi mke wangu nikimwona anakuja karibu nasingizia mgongo. Nesi alimwambia aje na mwenza wake, ameshaniomba mara tatu na mara zote nimemwambia nina gari la mtu, juzi akaniuliza hii mimba ulikuwa huitaki?

Nimeenda kupima mara mbili nikaishia getini. Mara ya pili nilikutana na mama mmoja tunaimba naye kwaya, nikajifanya napita. Baadae wahudumu wa afya walikuja gereji wakatugawia vile vipimo vya kujipima kwa mate, nikachukua kimoja. Kina wiki tatu kwenye boksi la spana, chini kabisa, nimekifunika na kitambaa cha grisi. Kila siku nikichukua spana nakiona.

Kuna kingine mama. Kaka yangu mkubwa alikufa na huu ugonjwa 2002 kule kwetu Makete, nilikuwa na miaka tisa mimi ndo nilikuwa nampelekea uji. Alikuwa na kikombe chake cha bati peke yake, hakichanganywi na vingine, kinaoshwa nje. Watu wazima walikuwa wanasimamia mlangoni hawaingii. Sasa na mimi nimejitengea kikombe, cha plastiki cha bluu. Wiki iliyopita mwanangu alikichukua akanywa maji nikamnyang'anya nikamfokea mpaka akalia, mke wangu akaniangalia tu hakusema kitu.

Naomba uniambie ukweli, ni asilimia ngapi kwamba nimekanyaga waya? Nashika tezi za shingoni kila saa naona kama zimevimba. Nikikutwa nao mke wangu nitamwambia nini? Na nisipopima si naweza kuishi hivi hivi tu mpaka Mungu mwenyewe aonyeshe? Kuna usiku nilisimama pale kwenye mteremko malori yanashuka nikawaza vitu siwezi kuviandika hapa.

Fundi, Mbeya

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na mstari wako wa mwisho, mengine yatasubiri. Usiku ule kwenye mteremko ulikuwa unafikiria kujiua? Nakuuliza hivyo wazi maana nimeshakaa na watu wengi kwenye chumba cha ushauri nasaha na najua mtu akiulizwa moja kwa moja anapumua, huwezi kumtia mtu wazo ambalo analo tayari. Kama ndiyo, na kama hayo mawazo yanarudi, basi leo hii, kabla ya kufikiria kipimo, mtafute mtu mmoja unayemwamini umwambie "mwenzio nina hali mbaya, usiniache peke yangu". Anaweza kuwa ndugu yako, anaweza kuwa yule jamaa wa gereji, anaweza kuwa mchungaji. Halafu mwende wote hospitali mkamwone daktari, umwambie na usingizi haupo. Hali hiyo inatibika kama malaria inavyotibika. Na usipite ule mteremko usiku ukiwa umekunywa.

Haya sasa tuongee. Nimekusoma mara mbili na nilivyokuelewa mimi ni hivi: ulikuwa na usiku mmoja Tunduma, kondomu ikapasuka, na tangu hapo miezi minne unabeba mambo matatu kwa wakati mmoja, hofu ya virusi, aibu ya ulichofanya, na kaka yako. Nina wasiwasi kwamba yamechanganyikana mpaka hujui kipi kinakukaba. Kipimo kitakujibu hilo la kwanza tu. Hayo mawili mengine utatoka nayo kwenye chumba cha kupimia hata kama majibu ni mazuri, kwa hiyo na yenyewe tuyaangalie.

Umeuliza asilimia. Nakujibu kwa sababu nisipokujibu utaenda kuitafuta kwenye simu saa nane usiku. Wataalamu wanakadiria hivi, mwanaume akilala mara moja bila kinga na mwanamke mwenye VVU ambaye hatumii dawa, uwezekano wa kuambukizwa ni kama mara 4 kwenye 10,000. Kwa mwanamke anayelala na mwanaume mwenye VVU asiyetumia dawa ni kama 8 kwenye 10,000. Kama umetahiriwa, na vijana wengi wa huku kwetu walipitiwa na zile kampeni za tohara, kwa mwanaume inapungua tena kwa kama asilimia 60. Lakini hizo ni wastani mwanangu. Inapanda kama mmoja ana kidonda au ugonjwa wa zinaa, na inapanda sana kama yule mwenye virusi ameambukizwa juzi juzi, maana wiki za mwanzo virusi vinakuwa vingi mno kwenye damu.

Na hiyo hesabu yote inaanza na "kama yule dada ana VVU", kitu ambacho mimi na wewe hatukijui. Unene na ngozi kung'aa havikuambii chochote, kwa upande wowote. Mikoa yetu hii ni kweli imeelemewa, ule utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati nchi nzima ni 4.4. Lakini hata hapo Mbeya wasio nao ni wengi kuliko wenye nao, na kati ya wenye nao wapo wengi wanaomeza dawa vizuri mpaka virusi vimefubaa havionekani tena kwenye kipimo, na mtu wa hivyo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Hili watu hawaliamini nikiwaambia. Kuna utafiti mkubwa wa Ulaya, unaitwa PARTNER, majibu yake yalitoka 2016, walifuatilia wenza ambao mmoja anao anameza dawa na mwingine hana, wakajamiiana bila kondomu zaidi ya mara 50,000 na hawakukuta hata mtu mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake huyo. Kwa hiyo hata yule dada angekuwa nao, bado usingejua kama alikuwa wa kukuambukiza.

Kwa hiyo uwezekano ni mdogo, lakini upo. Na nadhani namba hii itakutuliza mpaka kesho jioni halafu utaanza kuuliza "je kama mimi ndo yule mmoja". Hofu ya aina yako haishibi namba, nimeiona sana.

Hilo la mke wako naomba unisikilize vizuri maana hapo una kosa, na ni kosa la wanaume wengi sana, wanapimwa kwa damu ya wake zao. Rafiki yako alisema kweli. Angalia hiyo hesabu niliyokupa hapo juu, hata kwa mwanaume mwenye VVU, kulala na mke mara nne au tano kunaweza kupita bila kumwambukiza, kwa hiyo majibu yake hayasemi habari zako. Tena yeye alipima mwanzoni mwa mwezi wa tisa, haijafika miezi mitatu toka Tunduma, na hivi vipimo vya haraka vinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza kupigana na virusi, nazo zinaweza kuchukua mpaka miezi mitatu kuonekana. Ndiyo maana kliniki huwa wanarudia kumpima mama mbele ya safari. Na hapa ndo sehemu moja tu ambayo sitakuachia uchague mwenyewe: kuanzia leo mpaka upate majibu, kondomu, au msikutane kabisa. Mama akiambukizwa akiwa mjamzito au ananyonyesha, virusi vinakuwa vingi kipindi hicho hicho na mtoto anakuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Mgongo wako wa kusingizia umemlinda kwa bahati, ila naona umeanza kumgharimu, maana ameshatafsiri kwamba humtaki yeye na mimba yake.

Wewe sasa uko tofauti. Kutoka mwezi wa sita mpaka leo miezi minne imepita, kwa hiyo ukipima sasa na hakuna tukio jingine tangu ule usiku, kipimo kitakupa jibu la Tunduma lililokamilika. Wenzako wengi wanaoniandikia wako wiki ya pili, hao lazima wasubiri wapime tena. Wewe huna cha kusubiri, na sijui kama ulikuwa unalijua hilo.

Homa ya wiki ya pili inaweza kuwa dalili za mwanzo, siwezi kukudanganya, VVU ikiingia wengine wanapata homa na koo na jasho. Lakini mwezi wa sita na wa saba Mbeya nani hakohoi? Haitofautishiki kwa kuangalia. Na tezi mwanangu ziache. Ukizibonyeza kila saa zitauma, zikiuma utabonyeza zaidi. Kama mkono hautulii, jiwekee kwamba utazishika mara moja tu jioni, baadae siku moja moja ruka. Na simu ukilala iache chumba kingine, huko kugugo usiku hakujawahi kumpa mtu jibu la amani.

Nirudi kwenye kikombe, maana barua yako yote ni hicho kikombe ndicho kimenikaa rohoni.

VVU haviambukizi kwa kikombe. Wala kwa sahani, mate, kumbusu mwanao, shuka, choo. Vinapita kwa damu, shahawa, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama, basi. Kikombe cha bati cha kaka yako hakikumlinda mtu yeyote pale nyumbani. Wewe mtoto wa miaka tisa uliyeingia ndani ukamshikia uji wakati wakubwa wamesimama mlangoni, wewe ndo ulikuwa unafanya sawa, na hukupata kitu. Najua hao wakubwa walikuwa wanaogopa, Makete ya miaka ile watu walizika mno, siwalaumu. Ila naomba ujiulize polepole, hivi unachokiogopa ukifungua kile kipimo ni virusi, au ni kile chumba cha kaka yako? Kwa sababu kaka yako alikufa 2002 na dawa za bure za serikali zilianza kutolewa 2004. Alikosa kwa miaka miwili, inauma sana hiyo. Leo mtu akikutwa nao anaanza dawa siku ile ile au ndani ya siku chache, kidonge kimoja kwa siku, CTC, yaani kliniki za dawa za VVU, zipo mpaka vituo vya kata, na akianza mapema akameza vizuri anategemewa kuishi karibu sawa na mtu mwingine. Na mama mjamzito akiwa kwenye dawa, hatari ya mtoto kuambukizwa inashuka chini ya asilimia 5, wakati bila dawa ni kati ya 15 na 45. Wewe hofu yako inaongea bado kama ya 2002. Siisemi hivyo kukudharau, mtoto aliyeona ulichokiona angeogopaje vingine?

Umeniuliza kama huwezi kuishi hivi hivi tu. Ni haki yako, hakuna wa kukuburuza. Lakini hiyo "hivi hivi" umeniandikia mwenyewe ilivyo, binti analia kwa kunywa maji, mke anaamini mimba imekataliwa, na wewe unalia chini ya gari.

Njia zilizopo mbele yako ni kadhaa na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kujipima na hicho ulichonacho, faragha kabisa, hakuna wa kwaya atakayekuona. Wasiwasi wangu ni ule usiku wa mteremko, sipendi ukipime peke yako saa sita usiku mlango umefunga. Ukichagua hiyo, fanya asubuhi, siku ambayo kuna mtu anajua na yuko karibu na simu yake. Unaweza kwenda kituo cha mbali, watu wa Mbeya wanaenda Makambako na wa Makambako wanakuja Mbeya, hilo ni jambo la kawaida mno, shida yake ni kwamba ukikutwa nao halafu unaishi mbali, kufuata dawa kunasumbua, utatakiwa uhamishiwe karibu. Na yule mama wa kwaya pale getini, umewahi kujiuliza yeye alikuwa anafanya nini pale?

Au uende na mke wako kliniki kama alivyokuomba. Mtakaa na mshauri, mtapimwa, mtapewa majibu pamoja. Uzuri wake ni kwamba hakuna tena wa kumtafuta mwenzie aseme. Ugumu wake ni kwamba kama majibu yatatofautiana utakuwa huna pa kujificha, na kama hujamwambia chochote kabla, ataumia mara mbili kwa dakika moja. Wengine wanapima kwanza peke yao halafu ndo wanaenda na mke, na wengine wanaongea na mke kabla ya yote. Kumwambia kuhusu Tunduma na kumwambia kuhusu afya ni mazungumzo mawili tofauti. Hilo la afya, ukikutwa nao sheria yetu ya Ukimwi ya 2008 inataka umjulishe mwenza wako, na mshauri atakaa nanyi kukusaidia kusema. Hilo la Tunduma unamjua mke wako mimi simjui, kuna ndoa zimevunjika kwa kusema na kuna zilizovunjika kwa kugundua mwenyewe baadae, na wapo niliowaona wakilia wote wawili kwenye benchi halafu wakaondoka wameshikana mikono. Ila nadhani unajidanganya ukidhani hajaona kitu. Mwanamke aliyekuangalia vile ukimnyang'anya mtoto kikombe ameshaona, amekosa tu jina la alichokiona. Labda pa kuanzia ni sentensi moja tu, "mimba naitaka, mimi ndo nina kitu kinanisumbua, nipe siku chache nikuambie". Hiyo haikufungi njia yoyote.

Kwa wengine mnaosoma, hilo la PEP msilijue wiki ya tatu kama mwenzenu. Kondomu ikipasuka, umebakwa, umechomwa na sindano yenye damu, nenda hospitali hapo hapo, usingoje kuche, mwisho ni masaa 72 na kila saa inayopita dawa inapungua nguvu, unameza siku 28. Na wewe fundi usijipige kwa hilo, hukuambiwa.

Sasa kitoe kile kipimo kwenye boksi la spana. Hakipendi joto, na boksi la chuma likikaa juani linachemka hata huku kwenye baridi yetu. Kiweke ndani kabatini, soma tarehe ya mwisho wa matumizi iliyoandikwa kwenye pakiti, kama imepita au pakiti imetoboka omba kingine. Siku utakayokitumia usile wala usinywe kitu robo saa kabla, mswaki nusu saa, kisha unapitisha kwenye fizi za juu mara moja na za chini mara moja, unachovya kwenye kile kichupa, unasoma kuanzia dakika 20 isizidi 40. Mstari mmoja kwenye C maana yake hujakutwa nao. Mistari miwili, hata wa pili uwe umefifia, bado siyo jibu la mwisho, unaenda kituoni wanakurudia kwa vipimo vingine kabla mtu yeyote hajakuambia una VVU.

Na hicho cha bluu kirudishe kabatini na vikombe vya wenzako, leo jioni, kabla hata hujaamua lolote. Binti akikichukua mwache anywe. Halafu niandikie umelalaje.